Kura milioni 4 na hata waziri mmoja hawana: nguvu ya wasoshalisti Ujerumani ya Kaisari

Swali la msomaji: "Shikamoo dada. Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye kiwanda kimoja huku Moro. Nimekuwa nasoma historia ya Ujerumani ya Kaisari nikakuta uchaguzi wa 1912 wasoshalisti ndo walipata wabunge wengi kuliko chama kingine chochote, lakini hawakuwahi kupewa hata wizara moja. Sasa hao watu walikuwa na nguvu kweli au zilikuwa kelele tu? Na ikawaje mwaka 1914 wakaipigia kura vita?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza kitu ambacho mimi nakifundisha kila mwaka na kila mwaka nakiona kipya, kwa hiyo vumilia jibu litakuwa refu kidogo.

Tuanze na hiyo wizara maana hapo ndo wengi wanakwama. Sisi tumezoea kwamba chama kikishinda bungeni kinaunda serikali, Ujerumani ya wakati ule haikuwa hivyo kabisa. Kila mwanaume aliyefikisha miaka 25 alikuwa na haki ya kumpigia kura mbunge wa Reichstag, yaani bunge la taifa, na kura ilikuwa ya siri, kitu ambacho kwa mwaka 1871 ni cha ajabu, nchi nyingi za Ulaya hazikuwa nacho. Lakini mbunge akishaingia mle ndani anaweza kupitisha au kukataa sheria na bajeti, basi. Chansela, yaani mkuu wa serikali, anateuliwa na Kaisari na anaondolewa na Kaisari, na jeshi linaapa kwa mfalme, kwa bunge haliapi. Mfano mzuri ni Desemba 1913, wanajeshi kwenye mji mdogo wa Zabern kule Alsace walikuwa wamekamata raia ovyo mitaani baada ya luteni mmoja kuwatukana wenyeji, bunge likawaka, likapiga kura ya kutokuwa na imani na Chansela Bethmann Hollweg, kura 293 dhidi ya 54. Ungetegemea nini hapo? Jamaa alibaki ofisini kama kawaida. Kwa hiyo hata SPD, chama cha hao wasoshalisti, wangepata wabunge 200 wasingepata wizara mpaka Kaisari atake, na Kaisari wa wakati huo, Wilhelm wa pili, alikuwa anawaona ni watu wasio na nchi.

Halafu hata huo ubunge wenyewe walipunjwa. Majimbo yalikuwa 397 na mipaka yake ilichorwa mwanzoni mwa dola ikaachwa hivyo hivyo, wakati huku watu wanahama vijijini kwa mamilioni kwenda Berlin, Hamburg na Ruhr kwenye viwanda. Jimbo la mjini linajaa watu kupindukia, jimbo la mashambani la mabwanyenye linabaki na watu wachache na bado kila moja linatoa mbunge mmoja. Ndo maana 1912 SPD walipata kura milioni 4 na laki mbili na zaidi, sawa na asilimia 34.8, ila viti 110 tu, haifiki hata asilimia 28. Na hapo naongelea bunge la taifa. Nenda Prussia, ile dola kubwa ndani ya Ujerumani yenye bunge lake, ambayo peke yake ilikuwa kama theluthi mbili ya nchi nzima, kule wapiga kura waligawanywa matabaka matatu kwa kodi wanayolipa na unapiga kura hadharani kwa mdomo mbele ya watu, mwajiri wako anasikia. Mwaka 1908 SPD walipata karibu robo ya kura za Prussia wakaambulia viti 7 kati ya 443. Saba! Na hizo ndo zilikuwa za kwanza kabisa kwao kwenye lile bunge.

Sasa ukisoma hayo unaweza kusema basi zilikuwa kelele tu. Hapana. Mimi naamini kabisa hawa watu waliibadilisha Ujerumani kuliko vyama vingi vilivyokaa kwenye serikali, ila nguvu yao ilipita milango mingine, na ukiitafuta kwenye baraza la mawaziri hutaiona milele.

Mlango wa kwanza ni hofu. Chama chenyewe kina mizizi miwili, kuna kile alichoanzisha Ferdinand Lassalle pale Leipzig 1863, na kile cha August Bebel na Wilhelm Liebknecht cha Eisenach 1869, wakaungana Gotha 1875. Bebel nakuomba umkumbuke kwa sababu alikuwa fundi wa kukereza mbao, hana chuo wala ukoo, na ndo aliyekuja kuwa sauti iliyoogopwa kuliko zote ndani ya Reichstag kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1878 watu wawili kwa nyakati tofauti walijaribu kumuua Kaisari mzee Wilhelm wa kwanza, chama hakikuwa kimemtuma yeyote kati yao, lakini Bismarck, Chansela wa wakati huo, akaona hii ndo nafasi yake, akavunja bunge, akaitisha uchaguzi wa taharuki akapitisha sheria ya kuwapiga marufuku wasoshalisti. Mikutano marufuku, magazeti marufuku, vyama vya wafanyakazi vinavyohusishwa nao vikavunjwa, mamia ya watu wakafukuzwa kwenye miji yao waache wake na watoto. Ila sheria ilikuwa na tundu moja, mtu binafsi bado aliruhusiwa kugombea ubunge, na hotuba ya bungeni bado iliruhusiwa kuchapishwa. Wakalitumia hilo tundu mpaka basi. Gazeti lao likawa linachapishwa Zurich, baadaye London, linaingizwa nchini kwa magendo na kusambazwa na mtandao waliouita posta nyekundu. Kampeni zikafanyika kwenye vikundi vya kwaya, kwenye vilabu vya wavuta sigara, na misiba ya wanachama ikawa maandamano maana polisi anaogopa kuzuia jeneza.

Matokeo yake sasa. 1881 walipata kura laki tatu na kidogo, chini kabisa. 1890 wakapata milioni 1 na laki nne, wakawa chama chenye kura nyingi kuliko vyote nchini, wakiwa bado wamepigwa marufuku! Sheria ikafa mwaka huo huo, Bismarck mwenyewe akaondoka madarakani Machi.

Na katikati ya hiyo miaka 12 ya marufuku ndo ikazaliwa bima ya jamii ambayo leo dunia nzima inaisifia. Bima ya ugonjwa 1883, bima ya ajali kazini 1884, pensheni ya uzee na ulemavu 1889 (uzee maana yake miaka 70, wafanyakazi wengi hawakufika). Bismarck alitaka mfanyakazi aone serikali ndo baba yake asiende kwa wasoshalisti. Na wala hakuficha, Novemba 1884 alisimama bungeni akakiri kwamba kama pasingekuwa na wasoshalisti na watu wasingekuwa wanawaogopa, basi hata hayo maendeleo ya wastani waliyokwisha kuyapata kwenye mambo ya jamii yasingekuwepo. Wabunge wa SPD wenyewe walizipigia sheria hizo kura ya hapana, waliona ni chambo na pesa yenyewe ni kiduchu. Kwa hiyo una chama kilichosababisha sheria ambazo kilizikataa, na ukitaka kupima ushawishi kwa kuhesabu miswada waliyopitisha utapata sifuri.

Mlango wa pili ndo ninaoupenda zaidi na wewe kama katibu wa tawi utauelewa haraka kuliko wanafunzi wangu. Ile mifuko ya bima ya ugonjwa iliendeshwa kila eneo na bodi, mfanyakazi alichangia theluthi mbili na mwajiri theluthi moja, na viti vya bodi vikagawanywa kwa hesabu hiyo hiyo. Umeona? Theluthi mbili ya viti ni za wafanyakazi, na zinapigiwa kura. Taratibu vyama vya wafanyakazi vikaanza kusimamisha watu wao na kushinda mji baada ya mji. Sasa yule fundi aliyefukuzwa kazi kwa kuongoza mgomo, ambaye jina lake liko kwenye orodha nyeusi ya waajiri wote, anapata ajira ya ukarani kwenye mfuko wa bima, anajifunza mahesabu, anajifunza sheria, anajua kusoma ripoti ya daktari na kubishana nayo. Wanaamua mkataba na madaktari gani, dawa zipi, nani apewe posho ya ugonjwa. Mahakama za kazi zikaja kwa sheria ya 1890, nazo zikawa na wazee wa baraza waliochaguliwa nusu na waajiri nusu na wafanyakazi, hapo napo wakaingia. Na kuanzia Nuremberg 1894 vyama vikafungua ofisi za ushauri, mfanyakazi anakuja na karatasi yake ya ajali ambayo hajui inasemaje, anakaa na katibu anayelipwa na michango ya wenzake, anaandikiwa rufaa bure. Mama mjane wa mchimba makaa haijui nadharia ya Marx hata kidogo, ila anajua ni nani aliyemsaidia kupata pesa ya mumewe. Kura za SPD zilitoka hapo kwa sehemu kubwa, mimi nina uhakika na hilo. Serikali ikaja kushtuka, na sheria mpya ya bima ya 1911 ikaweka vipengele vya kupunguza nguvu yao ndani ya hiyo mifuko, na ukiona dola inahangaika kumnyang'anya mtu kiti fulani ujue kile kiti kilikuwa na maana.

Sasa vyama vya wafanyakazi vyenyewe. Novemba 1890, marufuku ikiwa ndo imeisha, wakaunda tume kuu ya kuviunganisha, kiongozi wake Carl Legien, naye fundi wa kukereza mbao kama Bebel, kijana wa miaka 28 hivi. Walianza na wanachama kama laki tatu, wakashuka miaka ya mwanzo kwa sababu uchumi ulikuwa mbaya na migomo mingi ilipigwa, 1900 wakawa kama laki 6 na 80 elfu, 1913 milioni 2 na nusu. Chama cha mafundi chuma peke yake kilivuka laki tano, kilikuwa kati ya vikubwa kabisa duniani wakati ule. Siri yao ilikuwa ada kubwa na mafao ya kweli, unachangia kila wiki ila ukiumwa unapewa, ukikosa kazi unapewa, ukisafiri kutafuta kazi mji mwingine unapewa nauli, ukigoma kwa ruhusa ya chama unapewa. Sio ada ya kulipa halafu husikii kitu mpaka uchaguzi wa viongozi, unanielewa naongelea nini.

Ila usidhani walikuwa na nguvu kila mahali. Wachapaji walipata mkataba wa hali bora wa nchi nzima wa kwanza 1873, waashi na maseremala nao wakafuata, yaani pale ambapo mwajiri ni wa kati na kuna wengi kama yeye anaona bora mishahara ipangwe pamoja ashindane kwa mengine. Lakini wenye viwanda vikubwa vya chuma kama Krupp pale Essen na wakina Stumm kule Saar, na wenye migodi wa Ruhr, hao walikuwa wanasema mimi ndo bwana ndani ya nyumba yangu, ukijulikana umejiunga unafukuzwa na nyumba ya kampuni unaihama na wanao. Vibarua wa mashamba makubwa ya mashariki hawakuwa hata na haki ya kuungana kisheria, sawa na wafanyakazi wa ndani. Halafu wafanyakazi wenyewe waligawanyika, Wakatoliki wengi walikuwa kwenye vyama vya Kikristo vilivyokaa karibu na Zentrum, chama cha siasa cha Wakatoliki, 1913 vilikuwa na laki tatu na zaidi.

Na hata walipopigwa waliacha alama. Januari 1905 wachimba makaa wa Ruhr kama laki mbili waligoma, vyama vyote vya Kisoshalisti na Kikristo vikakaa pamoja, wenye migodi wakakataa hata kukaa nao mezani, mgomo ukaisha baada ya wiki chache bila makubaliano. Kwenye karatasi wameshindwa. Lakini serikali ya Prussia iliona moto ule ikabadilisha sheria ya migodi mwaka huo huo, ikagusa saa za kazi na ikaleta kamati za wafanyakazi migodini.

Mgomo huo ndo uliwasha ugomvi mkubwa wa ndani, na hapa sikiliza vizuri maana jibu la 1914 linaanzia hapa. Rosa Luxemburg, wa mrengo wa kushoto wa chama, na wenzake wakiangalia mapinduzi ya Urusi ya 1905 wakasema silaha yetu ni mgomo wa watu wote. Vyama vya wafanyakazi kwenye mkutano wao Cologne Mei 1905 vikakataa kata kata. Mkutano wa SPD Jena Septemba ukaukubali kama silaha ya kujilinda. Mwaka uliofuata Mannheim wakapatana, na maana ya yale mapatano ni kwamba chama hakiwezi kuitisha kitu kama hicho bila vyama vya wafanyakazi kukubali. Angalia hesabu utaelewa ni kwa nini, chama wakati huo kilikuwa na wanachama laki 3 na 84 elfu, vyama vya wafanyakazi kama milioni 1.7. Mwenye watu na mwenye mfuko ndo aliyeamua. Wengi wanamlaumu Legien kwamba aliyaua mapinduzi, mimi simlaumu kirahisi hivyo, maana yeye ndo angetakiwa kulisha familia za watu milioni kwa pesa ambayo ingeisha ndani ya wiki chache, na kumbukumbu ya mgomo wa bandari ya Hamburg wa 1896 hadi 1897 ilikuwa mbichi, wiki 11 kwenye baridi kali na wakarudi kazini mikono mitupu.

Kabla sijafika 1914 kuna sehemu inayotugusa sisi moja kwa moja. Machi 1896 Bebel alisimama Reichstag akaeleza jinsi Carl Peters, yule tunayemjua kwa jina la Mkono wa Damu, alivyokuwa Kilimanjaro akawanyonga mtumishi wake Mabruk na binti aliyeitwa Jagodja ambaye alikuwa amemfanya suria. Moja ya barua alizotegemea Bebel ilikuja kuonekana haikuwa ya kweli, na wafuasi wa Peters walilishikilia hilo sana, lakini kunyongwa kulikuwa kweli, na mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ikamfukuza Peters kwenye utumishi wa serikali. Chama cha upinzani kisicho na waziri ndo kilifanya hivyo, kwa mdomo tu na magazeti. Na Desemba 1906 SPD na Zentrum walipokataa pesa zaidi za vita vya Kusini Magharibi mwa Afrika (Namibia ya leo), ambako Waherero na Wanama walikuwa wameangamizwa, Chansela Bülow akavunja bunge na kufanya kampeni ya uzalendo wa makoloni. SPD wakaanguka kutoka viti 81 hadi 43. Kura zao ziliongezeka, ila vyama vingine viliungana dhidi yao kwenye duru ya pili. Hilo pigo liliwauma na liliwafundisha viongozi wengi kwamba ukisimama upande mwingine wa uzalendo wa taifa unalipa.

Halafu wakapanda tena, 1912 viti 110. Wanachama wa chama wakavuka milioni 1 mwaka 1914, magazeti ya kila siku kama 90, na kina mama zaidi ya laki 1 na 70 elfu, baada ya sheria ya 1908 kuwaruhusu kujiunga na vyama vya siasa nchi nzima (SPD walikuwa wameandika haki ya mwanamke kupiga kura kwenye programu yao ya Erfurt tangu 1891, hilo nitawasifia siku zote). 1913 walifanya kitu kipya pia, walipinga kuongezwa kwa jeshi lakini wakapiga kura ya ndiyo kwa kodi ya matajiri ya kulilipia, kwa hoja kwamba angalau safari hii mwenye mali alipe badala ya bei ya mkate kupanda.

Agosti mwaka huo Bebel akafariki. Uongozi ukaenda kwa Hugo Haase na Friedrich Ebert, Ebert alikuwa fundi wa matandiko ya farasi aliyepanda kupitia ofisi na mafaili.

Sasa jiweke kwenye kile kikao cha wabunge cha tarehe 3 Agosti 1914. Siku moja kabla, viongozi wa vyama vya wafanyakazi wameshakubaliana kusitisha migomo yote muda wote wa vita. Urusi ya Tsar imeshaanza kukusanya jeshi, na kwa msoshalisti wa Kijerumani Tsar alikuwa ndo shetani mwenyewe tangu enzi za Marx, kwa hiyo serikali ilivyosema tumevamiwa ikaaminika. Wanachama wako wenyewe wanaitwa jeshini kituo cha treni kwa kituo. Na una mali ya miaka 24, majengo, magazeti, mifuko ya mafao, wafanyakazi wa ofisi maelfu, na kumbukumbu ya 1878 inakuambia ukikataa kesho asubuhi polisi wanafunga kila kitu. Walipiga kura ndani kuhusu mikopo ya vita, 78 waliikubali, 14 waliikataa. Na kesho yake aliyesimama kusoma tamko la chama la kukubali mikopo ya vita alikuwa Haase, mmoja wa wale 14, maana alikuwa mwenyekiti na nidhamu ilimtaka asome. Nikifika hapo darasani huwa nanyamaza kidogo. Karl Liebknecht, mtoto wa yule Wilhelm Liebknecht, alikuja kupiga kura ya hapana peke yake tarehe 2 Desemba.

Kwangu mimi usaliti peke yake hauelezi kitu hapo, ingawa wengi wataita hivyo na wana haki. Kile kile kilichowapa nguvu kwa miaka 24, yaani kuwa na kitu cha kumpa mwanachama leo, kiliwafanya wawe na kitu cha kupoteza, na Kaisari alikuwa anajua hilo kuliko wao.

Vita ilipoendelea serikali ikawahitaji kweli. Sheria ya utumishi wa lazima ya Desemba 1916 iliwabana wafanyakazi wasihame ovyo viwanda vya vita, lakini kwa malipo yake kila kiwanda cha aina hiyo chenye wafanyakazi zaidi ya 50 kikalazimika kuwa na kamati ya wafanyakazi, hata kule ambako bwana wa nyumba alikuwa hataki kusikia neno chama. Njaa nayo ikakigawa chama, Aprili 1917 wapinga vita wakaunda chama chao pale pale Gotha, Haase akiwa kiongozi wao. Januari 1918 mafundi wa silaha wa Berlin na miji mingine waligoma kwa mamia ya maelfu bila ruhusa ya vyama vyao.

Tarehe 9 Novemba 1918 Kaisari akaanguka na Ebert, yule fundi wa matandiko, akakabidhiwa uchansela. Siku 6 baadaye Hugo Stinnes, mmoja wa wenye migodi wakubwa wa Ruhr, alikaa meza moja na Legien wakasaini mkataba, waajiri wanavitambua vyama vya wafanyakazi, wanakubali mikataba ya hali bora, na kazi ni saa 8 kwa siku. Saa 8 ilikuwa kwenye programu ya Erfurt, miaka 27 nyuma.